Mishiko ya plastiki ya kuvalisha plaisi: mishiko inafaa, gundi yake iache

Mishiko hii huja miwili kwa pakiti, kwa plaisi na mikasi ya bati ambayo mipira yake ya kiwandani imechanika au kuchomoka. Ni PVC laini iliyoumbwa kwa kalibu, upande mmoja umezibwa. Mara nyingi ndani ya pakiti kuna kichupa cha supa gluu, na hicho ndicho kinachowaponza wengi. Kinachoushikilia mshiko ni mbano wake wenyewe. Gundi huficha tu kosa la saizi.

Kwa hiyo anza na kipimo. Mkono wa plaisi ni bapa, ukipima upana peke yake utadanganyika. Zungushia uzi palipo panene, upime urefu wa uzi huo, kisha linganisha na mzingo wa tundu la mshiko. Tundu la kipenyo cha milimita 10 lina mzingo wa karibu milimita 31, nalo litakaa vizuri kwenye mkono wenye mzingo wa 34 au 35. Mshiko unaoteleza ndani bila kusukumwa, rudisha dukani.

Mpira wa zamani upasue kwa kisu kwa urefu, ukwangue mabaki, toa kutu kwa msasa namba 120, halafu futa kwa spiriti. Ncha ya chuma ikiwa na ukali, ilainishe kwa tupa. Sehemu iliyozibwa ndiyo dhaifu kuliko zote katika bidhaa hii, na ncha kali huitoboa mapema.

Tumbukiza mshiko kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa dakika mbili au tatu hadi ulegee. Vaa glovu, ukung'ute maji, lowesha ndani kwa spiriti kidogo (mbali na moto, bila shaka) na usukume kwa mkupuo mmoja. Ukifika karibu na mwisho utaona unarudi nyuma kama una springi: ni hewa iliyonaswa. Pitisha waya mwembamba ubavuni mwa mkono wa plaisi, hewa itoke, kisha uuchomoe. Acha nafasi ya kama sentimita moja kutoka kwenye ekseli (pini inayounganisha mikono miwili ya plaisi), la sivyo mishiko itagusana kabla meno hayajafumba. Iache ilale usiku mzima, spiriti ikauke.

Wapo wanaotumia maji ya sabuni. Yanafaa, ila hukawia sana kukauka kwa kuwa upande mmoja umezibwa. Mafuta na grisi ndiyo balaa: havikauki, na mshiko utazunguka mkononi siku zote.

Supa gluu huganda ndani ya sekunde chache, mara nyingi mshiko ukiwa nusu njia. Hata ukiwahi, gundi hiyo ikikauka ni kavu na ngumu, ilhali PVC hujipinda kila unapobana, basi hupasuka. Gundi ya epoksi hushika chuma vizuri sana, lakini vilainishi vilivyomo kwenye PVC huvuja polepole na kuibandua. Mshiko ukiwa na ulegevu mdogo, afadhali uvalishe kwanza mkono wa plaisi mpira wa kusinyaa kwa joto, ndipo uvishe mshiko juu yake.

Usilegeze mshiko kwa moto wa gesi. PVC ikiungua hutoa moshi wenye asidi, mbaya kwa mapafu na kwa chuma pia.

Kwa plaisi, naipa alama nzuri. Kwa nyundo, hapana: kila pigo huuvuta mshiko kuelekea nje, na plastiki laini haiwezi kuhimili hilo. Kwa plaisi ndogo nayo ina kasoro, kwani unene wake huitanua mikono hadi kiganja kidogo kisiifikie vizuri.

Wala isikaribie kazi ya umeme. Plaisi za fundi umeme zina alama ya pembetatu mbili na maandishi 1000 V, na kila moja hupimwa kiwandani. Mpira wake ukichanika, plaisi hiyo haivalishwi mshiko mwingine. Inaondolewa kwenye kazi ya umeme moja kwa moja.