Walinifungulia injini, ubovu ulikuwa kwenye feni

Nilishajiambia nisiandike. Leo asubuhi nimepita Ubungo nikaiona ile gereji, hasira zikarudi upya.

Carina yangu ilikuwa inachemsha kwa miezi kadhaa, na tabia yake nilishaijua. Kwenye foleni ya Ubungo mpaka Kimara mshale wa joto unapanda hadi karibu na H. Nikishavuka Mbezi, barabara ikafunguka, unashuka wenyewe. Fundi wa gereji ile nilimweleza hivyohivyo. Hakunitazama hata usoni.

"Dada, wewe kazi yako kuendesha. Ya injini tuachie mafundi. Hiyo gasketi ya hedi imeungua." Yaani kile kizibo chembamba kati ya hedi, sehemu ya juu ya injini, na silinda zilizo chini yake.

Hakupima chochote! Hakufungua mfuniko wa rejeta asubuhi injini ikiwa ya baridi, aiwashe aone kama maji yanatoa mapovu. Hakuchomoa dipstiki kuangalia kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakwenda hata nyuma kutazama moshi mweupe. Mimi mwalimu wa shule ya msingi hayo nimeyajua baadaye. Yeye ndiyo kazi yake.

Hedi ikashushwa, ikapelekwa kuchongwa. Themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, wakaitoa wakaitupa, eti kwa joto la Dar haina kazi. Nikalipa 380,000, na siku zote hizo napanda daladala na mtoto. Haikupita wiki, foleni ya Kimara jioni, mshale uleule. Nimepaki pembeni, mvuke unafuka kwenye boneti, mwanangu analia nyuma anadhani tunaungua. Nampigia fundi, ananijibu: "Basi itakuwa rejeta. Ilete, uje na laki mbili."

Niseme haki: kazi ya mikono wanaijua. Waliifunga injini vizuri, haijavuja oili hata tone. Kwa siku kadhaa nilikuwa nawatetea kwa mume wangu, nasema labda gari lilikuwa na matatizo mawili.

Halafu nikaenda kwa mzee mmoja Kibaha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza swali moja tu: "Ukiwa umesimama, mwanangu, feni unaisikia?" Akawasha gari, akakaa juu ya ndoo, tukasubiri. Mshale ukavuka nusu, feni kimya. Akachomoa rilei yake, yaani kile kiswichi cha umeme kinachoiwasha, akachomeka ya honi inayofanana nayo. Feni ikanguruma mpaka nikashtuka.

Gari ikikimbia, upepo wa barabarani unapoza rejeta. Ikisimama inategemea feni. Ndicho nilichomwambia yule bwana siku ya kwanza, kwa maneno yangu! Rilei 12,000, ufundi 10,000. Mzee akanirudishia na themostati, kwa sababu bila hiyo injini inachelewa kufika kwenye joto lake na inakula mafuta. Tangu hapo nimekaa foleni mbaya kuliko zile, mshale haujavuka nusu.

Gasketi ya zamani walikuwa wameiacha kwenye buti. Mzee aliigeuza juani, akapitisha kidole taratibu kuzunguka kila tundu la silinda. Hakuna palipoungua.

Kwa hiyo yale mazuri niliyoyasema hapo juu nayafuta. Nataka pesa yangu. Na kabla ya pesa, nataka aseme mbele ya vijana wake kwamba nilimweleza, na hakunisikiliza.