Buti za mtumba nilizozinunua Mtwara nikapandia Kilimanjaro: uzoefu wangu

Mtwara mjini sijapata kuona duka la vifaa vya kupandia mlima. Nilipozunguka kuulizia nilionyeshwa mabuti ya mvua, yale ya kushindia shambani. Baridi tunayoijua sisi wa huku ni ya Newala mwezi wa saba, na hiyo nayo tunaisimulia kama msiba. Basi nilipoamua kupanda Kilimanjaro Agosti, njia ya Marangu, siku sita, karibu vitu vyote nilivitafuta kwenye mitumba.

Nianze na buti, maana ndizo zilizonitia adabu. Shilingi 45,000, ngozi nzima, soli yenye meno, hazina hata mkwaruzo. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiki kiatu utamrithisha mwanao." Nilizijaribu na soksi yangu nyepesi ya kila siku, zikanikaa kama nimepimwa. Nikazivaa jioni jioni Shangani, watu wakinishangaa, kisha nikaenda nazo Newala kushuka na kupanda ule ukingo wa uwanda wa Makonde. Hazikulalamika.

Siku ya pili mlimani, tukitoka Mandara (mita 2,720) kwenda Horombo (mita 3,720), nikasikia mguu wa kulia unapiga kofi kila nikikanyaga. Kuangalia, soli imeachia kuanzia kisigino, na ile tabaka ya katikati inamomonyoka kama kashata iliyolala. Mgumu mmoja (ndivyo wapagazi wanavyoitwa kule) akaifunga kwa kamba bila kunicheka, nikachechemea hivyo hadi kambini. Kabla ya magharibi na ya kushoto ikafuata.

Kiongozi wetu alikwisha kuona hayo mara nyingi. Buti nyingi za aina hii zina sponji ngumu ya poliyurethani katikati ya soli. Sponji hiyo inaliwa na unyevu wa hewa taratibu, hata kama kiatu kimekaa kabatini hakijavaliwa. Ngozi ya juu inabaki inang'aa, chini kumeshaoza. Kiatu kilichokaa miaka kwa mwenyewe huko Ulaya, kikapanda meli ndani ya belo, kisha kikaja kuning'inizwa kwenye joto na unyevu wa pwani yetu, utakidai nini? Kwa hiyo ukiwa sokoni usidanganywe na ngozi. Kikunje kiatu kwa nguvu, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiona ufa au ungaunga, kirudishe kwenye kamba yake.

Kilichoniokoa ni ile siku ya ziada Horombo ya kuuzoesha mwili. Kiongozi akapiga simu chini, buti za kukodi zikaletwa na mgumu aliyekuwa anapanda kutoka Marangu. Zilikuwa kubwa kwa namba moja, nikanung'unika, kumbe ndiyo saizi yenyewe: unavaa soksi nene, na wakati wa kushuka vidole havigongi mbele. Zile zangu zilizonikaa "kama nimepimwa" zingening'oa kucha zote.

Vingine vya mtumba havikuniangusha. Begi la mgongoni la 20,000 lilikuwa na zipu nzito na mkanda wa kiunoni, tena lilivumilia buti ya basi kutoka Mtwara hadi Dar na kutoka Dar hadi Moshi. Jaketi la manyoya mepesi, mzula, glovu: safi. Fulana za pamba niliziacha nyumbani, kwa sababu pamba ikilowa jasho haikauki na baridi inakuingia mfupani. Nilipanda na jezi yangu ya Ndanda, timu yetu ya Mtwara, inakauka ukiwa unatembea, na nilipigiwa kelele na wagumu njia nzima.

Begi la kulalia na jaketi zito la usiku wa kileleni nilikodi Moshi, na hapo sijuti. Kununua kitu cha baridi kali kuja kukihifadhi Mtwara ni kukilea ukungu.

Chakula cha begini: kilo mbili za korosho za kukaanga. Kule juu hamu ya kula inapotea kabisa, wali unautazama tu, lakini korosho tano sita zinapita na zina nguvu. Za chumvi ziliisha kwanza. Ningepunguza hadi kilo moja, ila wagumu wasingenielewa.

Chupa za maji za dukani haziruhusiwi hifadhini, beba ya kudumu. Usiku wa kutoka Kibo, kambi ya mwisho, kwenda kileleni niliigeuza kichwa chini ndani ya soksi, maana maji huanza kuganda juu, na kifuniko kikiganda hunywi. Simu nililala nayo kifuani. Ya mwenzangu ilikaa mfuko wa nje ikazima kabla hatujafika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta.

Alama zangu: begi tano kati ya tano, nguo nne, buti moja, na hiyo moja ni ya ngozi. Nilirudi nazo Mtwara, fundi viatu akazipiga soli ya tairi kwa uzi wa nailoni. Sasa nazivaa kwenye palizi ya mikorosho, na hazijaachia.