Kupambana na tamaa moja moja, au kuanza na unyenyekevu?
Evagrius wa Ponto, mmonaki wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, alihesabu mawazo mabaya 8, kuanzia ulafi hadi kiburi, akakusanya aya za Maandiko za kujibu kila moja. Benedikto wa Nursia, abati wa Italia wa karne ya 6, katika sura ya 7 ya kanuni yake ya maisha ya wamonaki, aliweka ngazi 12 za unyenyekevu, ambazo mtu huzipanda kwa kujishusha.

Kwa njia ya kwanza, mchuuzi wa dagaa hapa Kigoma aliyemtukana mwenzake ufukweni alfajiri hutambua kwamba hasira yake imezaliwa na kupenda fedha, na hapo toba yake hupata jina. Hatari yake (Evagrius mwenyewe aliiona) ni kwamba anayeishinda tamaa moja huweza kujivunia ushindi huo. Njia ya pili ni ya polepole, na ngazi yake ya 5 ni ngumu kwa wengi wetu, kwa kuwa humtaka mtu amfunulie mlezi wake wa kiroho mawazo mabaya yaliyomo moyoni. Hata hivyo mchuuzi yule ningemwelekeza huku kwanza, baada ya kumwomba mwenzake radhi.