Wakili wa kufilisika mjini Houston: tathmini ya huduma yake

Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tunapotafuta wakili wa masuala ya kufilisika hapa Houston huanza kwa kuulizia bei, ilhali jambo lenye uzito zaidi ni kama wakili huyo anaelewa maisha ya mtu mwenye mali na ndugu katika nchi mbili. Niliyemwajiri anaelewa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kumpendekeza.

Kabla ya kutaja malipo, aliniuliza kama nina kiwanja au akaunti ya benki Kenya, kama nimo katika chama cha kuweka akiba, na kama kuna jamaa niliyemlipa deni au kumtumia fedha nyingi miaka ya karibuni. Alinieleza kwamba sheria ya Marekani huhesabu mali ya mdaiwa popote ilipo duniani, hata kiwanja cha Kitengela ambacho hati yake anaitunza mama. Kwamba fomu za mahakama husainiwa kwa kiapo. Na kwamba kuficha mali kwa makusudi ni jinai. Fedha alizolipwa ndugu katika mwaka mmoja kabla ya kesi kufunguliwa zinaweza kudaiwa na msimamizi, yaani mtu anayeteuliwa kushughulikia mali ya mdaiwa katika kesi, ili wagawiwe wadai wote, jambo ambalo kwetu, tunaoona deni la ndugu kuwa la kwanza kulipwa, ni zito kulikubali. Isitoshe, ulinzi mpana ambao Texas inayapa makazi ya mtu haukifikii kiwanja kilichoko Kenya. Ofisi niliyoitembelea kabla ya hapo haikugusa lolote kati ya hayo.

Baada ya hapo ndipo alipozieleza njia mbili za kufilisika, zinazoitwa kwa sura za sheria ya Marekani. Chini ya Sura ya 7, ambayo ada yake ya mahakama ni dola 338, msimamizi huuza mali isiyolindwa na sheria, kisha madeni mengi ya kadi na ya hospitali hufutwa katika muda wa miezi michache. Mwenye kipato kinachozidi kile cha katikati katika jimbo lake hupimwa zaidi kabla ya kuruhusiwa. Sura ya 13, yenye ada ya dola 313, humwachia mdaiwa mali yake, naye hulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, mradi wadai wasipate pungufu ya ambacho wangepata chini ya Sura ya 7. Kwa sababu ya kile kiwanja alinishauri Sura ya 13, na hesabu alizonionyesha zilikuwa wazi. Matunzo ya watoto hayafutwi kwa njia yoyote kati ya hizo, na mkopo wa masomo hufutwa kwa nadra.

Kuhusu malipo yake, alisema bayana kwamba ada ya Sura ya 7 kwa kawaida hutakiwa kabla ya kesi kufunguliwa, ilhali ya Sura ya 13 sehemu yake huweza kuingizwa katika mpango. Wasaidizi wake, hata hivyo, waliniomba stakabadhi zilezile mara kwa mara. Pia hawakunijulisha, hadi nilipouliza, kwamba katika mkutano wa wadai serikali hutoa mkalimani wa simu bila malipo. Kwa mzee asiyekimudu Kiingereza cha kisheria, na ambaye atajibu maswali akiwa chini ya kiapo, habari hiyo ilipaswa kutolewa siku ya kwanza.