Bandeji ya selulosi ya bakteria kwenye kuungua kwangu: uzoefu wangu wa wiki mbili

Jamani nimeahidi kuandika hii kitu tangu mkono upone, maana nilipokuwa naumwa nilitafuta mtu aliyeitumia kweli nikakosa, nikawa napata maelezo ya wauzaji tu.

Niliungua na mvuke, nilifunua mfuniko wa sufuria vibaya ukanipiga mkono wa kulia kuanzia kifundo kwenda juu karibu nusu ya njia ya kiwiko. Malengelenge yakatoka, mengine yakapasuka siku hiyohiyo, hospitali wakasema ni daraja la pili ila si la kina sana. Siku nne za kwanza nilifungwa gozi ya kawaida (kile kitambaa cheupe cha kufungia vidonda), na kilichonitesa haikuwa kuungua kwenyewe, ni kubadilisha hiyo gozi. Inakauka, inashikana na kidonda, ikitolewa inaondoka na kingozi kipya kilichoanza kuota. Nilikuwa silali usiku wa kuamkia siku ya kufunguliwa.

Siku ya tano nesi ndio akaniambia kuna bandeji nyingine, inatengenezwa na bakteria. Nikashtuka, yaani kidonda kibichi hiki halafu mnaniwekea bakteria? Akanielewesha vizuri na baadaye nikasoma mwenyewe. Bakteria wenyewe hawamo tena. Wanaitwa Komagataeibacter xylinus, zamani walikuwa wanaitwa Acetobacter xylinum, ndugu wa wale wanaotengeneza siki, na Mwingereza Adrian John Brown alishaueleza utando wao tangu 1886. Unawapa maji yenye sukari, joto la nyuzi 30 hivi, unaacha chombo kimetulia bila kutikiswa. Wanahitaji hewa ndio maana wanafanya kazi pale juu maji yanapokutana na hewa, kila mmoja anatoa kiuzi chembamba ajabu cha selulosi (ile nyuzinyuzi inayojenga mimea), viuzi vinasukana, tabaka juu ya tabaka, baada ya wiki moja au mbili unakuta shuka zito limefunika chombo chote. Ukitikisa chombo hupati shuka, unapata mabonge. Halafu shuka linaoshwa kwa magadi makali ya moto kuua na kuondoa bakteria na mabaki yao, linasafishwa mpaka liwe jeupe, mwisho linauawa vijidudu vyote kabla ya kufungwa kwenye pakiti. Kinachobaki ni selulosi tupu na maji, tena maji ndio karibu asilimia 99 ya uzito.

Na hayo maji unayahisi. Pakiti ilipofunguliwa nikaona kitu kama ule utando wa ndani ya ganda la yai ila mnene zaidi, kinateleza, mwanga unapita. Nesi akakilaza juu ya kidonda akakipapasa kutoka katikati kwenda pembeni kutoa hewa, na ubaridi ulioingia pale sijui niuelezeje, ndani ya dakika chache ile hali ya kuwaka ikashuka kabisa. Usiku ule nililala.

Kesho yake ilikuwa imekauka imekuwa nyembamba kama karatasi ya nailoni iliyobandikwa mkononi, na kidonda nakiona kupitia humohumo bila kufungua chochote! Nesi alichora mstari kwa kalamu kuzunguka wekundu, akasema wekundu ukivuka mstari, au nikipata homa au usaha, nirudi mbio. Hapo tuelewane vizuri: selulosi hii yenyewe haiui vijidudu, inazuia wa nje wasiingie tu (kuna zinazoongezwa dawa, yangu haikuwa hivyo), kwa hiyo kidonda lazima kisafishwe vizuri kabla.

Sasa shida yake. Ikikauka inakuwa ngumu, haivutiki. Ni sifa yake kweli, viuzi vyake vikikauka vinakuwa vyepesi na vikakamavu mpaka Sony mwaka 1989 waliiweka kwenye spika za hedfoni zao za MDR-R10. Kwenye hedfoni safi, kwenye kifundo cha mkono kinachokunjwa kutwa nzima ni kesi nyingine. Siku ya tatu tangu iwekwe kona ikainuka pale kwenye mkunjo, maji ya kidonda yakajikusanya chini yake kama povu dogo, na mimi kwa ujinga wa kutokujua nikaanza kuivuta. Iliuma kama gozi ileile! Nesi akanikanya, akalowanisha kwa yale maji safi ya chumvi ya hospitali, akakata kona iliyoinuka kwa mkasi, akabana maji yakatoka, akaweka kipande kipya juu. Kikaratasi cha maelezo kwenye pakiti hakikusema neno kuhusu viungo vinavyokunjwa wala kuhusu kulowanisha, na hilo limeniudhi kwa sababu mtu anaweza kuharibu kidonda chake bure.

Sehemu iliyobaki, ile ya mkono usiokunjwa, haikuguswa tena mpaka mwisho. Mwili hauna uwezo wa kuiyeyusha selulosi kwa hiyo haipotei, inajiachia yenyewe ngozi inapofunga chini yake. Kila nilipoona ukingo umeinuka naukata tu. Siku ya 14 nilikuwa naoga kikadondoka kipande cha mwisho cha ukubwa wa ukucha, chini yake ngozi ya pinki, laini, nzima.

Dada yangu akaniuliza si ndio ule utando wa kombucha, ile chai ya kuchachusha, si tungejikuzia wenyewe. Ndio ni jamii ileile, lakini ule una bakteria hai na hamira ndani, usithubutu kuuweka kwenye kidonda.

Kwa mkono naipa nyota tano, kwa kifundo tatu. Ukiungua kwenye kiungo muombe nesi akuonyeshe namna ya kuilowanisha kabla hujaondoka. Kipande kilichobaki nilikitupa, pakiti ikishafunguliwa haiwekwi.