Makumbusho ya Taifa Dar: msiishie kwenye magari

Wakazi wa Dar ambao hamjafika Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, nendeni jamani, mi naipa nyota tano bila kusita. Ila watu wengi wakiingia wanakimbilia yale magari ya zamani ya viongozi, picha mbili tatu, wamesepa. Magari ni mazuri sawa, lakini utamu wenyewe upo kwenye chimbuko la binadamu na mambo ya Kilwa.

Anza na fuvu la Zinjanthropus, yule ndugu wa kale wa binadamu aliyegunduliwa na Mary Leakey kule Olduvai Julai 1959, umri wake karibu miaka milioni 1.75. Usisome kibao tu ukapita, sogea kabisa uangalie magego yake, yani ni makubwa balaa, afu panda na macho mpaka utosini utaona tuta la mfupa limesimama katikati, pale ndo misuli ya taya ilikuwa inajishikiza, kwa hiyo unaelewa mwenyewe huyu alikuwa mtafunaji haswa. Mwanangu alibaki anajishika kichwani anatafuta tuta lake, maswali hayakuisha mpaka tunafika nyumbani.

Ukija kwenye Kilwa tulia zaidi. Wale watu walikuwa na hela yao wenyewe ya shaba yenye jina la sultani, wanauza dhahabu iliyotoka Sofala kule Msumbiji, wanakulia kwenye vyombo vya China, na sarafu zao chache ziliokotwa mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944! Mtoto akiondoka na hilo tu kichwani inatosha, maana wengi wetu shule tulikariri majina ya masultani kwa ajili ya mtihani basi.

Kijiji cha Makumbusho kiwekee siku yake, kipo Kijitonyama barabara ya Bagamoyo, kilianzishwa 1966. Kule ni nyumba za asili za makabila mbalimbali, tembe la Wagogo na paa lake bapa la udongo, msonge wa Wahaya nyasi zimeshuka mpaka chini, na unaingia ndani. Kama una bibi au babu mwenye nguvu ya kutembea mchukue, atawaeleza watoto mengi kuliko kibao chochote. Na beba kitambulisho, kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni.