Soko Kuu la Iringa: kwa maharage na vikapu, sijaona pa kulinganisha

Mimi ni mama lishe, jiko langu liko Kihesa. Watu huniuliza kwa nini nishuke mpaka mjini kununua maharage wakati magenge yamejaa mtaani. Nashuka kwa sababu wauzaji wa nafaka wa Soko Kuu wanakijua wanachokiuza, na wengi wao wanakwambia ukweli.

Juzi nimefika kwa mama ninayenunua kwake siku zote.
"Kamwene, mama."
"Kamwene. Leo chukua maharage ya njano. Kablanketi niliyo nayo ni ya zamani, subiri mzigo wa Jumamosi."

Kablanketi zenyewe, aina nyingine ya maharage, zilikuwa pale pale mbele yangu, gunia zima, na pesa ninayo mkononi. Muuzaji wa namna hiyo utamhama uende wapi?

Kama bado hujapata wa kumwamini, tumia macho na meno. Kablanketi mpya ina zambarau iliyofifia. Ikikaa sana inageuka kahawia, na hiyo itakumalizia mkaa, unachochea asubuhi nzima ganda bado gumu. Ing'ate punje moja. Ikipasuka imekauka vizuri. Jino likiacha alama tu, ina unyevu na itakuotea ukungu stoo. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia, maana yaliyobunguliwa hayakai juu. Kwa jiko la biashara nashauri njano, zile mbegu zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya: zinaiva haraka na mchuzi wake ni mzito. Na kabla hujapimiwa, tazama kitako cha sado, kile kindoo cha kupimia. Wapo wachache ambao sado zao zimebonyea kwa ndani, na hapo unalipia hewa. Omba sado nyingine, ni haki yako.

Mboga sina la kusema sana. Ni nzuri, viazi vya Njombe vipo, samaki wa Mtera wapo, ila ukitaka nyanya za tenga zima ni afadhali ununue Ilula barabarani, zikiwa zimetoka shambani.

Vikapu ndivyo vinavyowaleta wageni, na wana haki. Hivi vya majani ya milulu vinasukwa na akina mama wa vijijini mkoani kwetu. Usichague kwa rangi. Kigeuze, bonyeza kitako kwa kidole gumba: kilichokazwa hakiingii ndani. Halafu fuata mkono wa kikapu unakoanzia. Kama umesukwa ukashuka hadi kwenye ubavu, beba hata viazi. Kama umefungwa kwenye ukingo tu, kitakukatikia njiani. Kupunguziwa bei kidogo ni kawaida, lakini naomba sana, usimkamue mama aliyekaa siku nyingi akisuka kwa mkono. Inaniuma kuona mtu mwenye gari anang'ang'ania shilingi mia tano.

Ukitoka sokoni usikimbilie daladala. Jirani tu, mbele ya kituo cha polisi, pana mnara wa kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Wanafunzi wanapita pale kila siku bila kusimama, nami ningependa walimu wawasimamishe. Mtaa huo huo ukiufuata unaingia kwenye maduka ya zamani ya vitambaa, sufuria na vipuri, na juu yake utaona mnara wa saa wa msikiti wa Ismailia. Sufuria zangu kubwa zote zimetoka mitaa hiyo. Dukani wanakuruhusu kuigonga na kuikagua chini kabla ya kulipa. Mwenye muda aende na Boma, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa, na Neema Crafts, iliyoanza 2003, ambako mafundi wenye ulemavu wanatengeneza kazi safi kabisa.

Kasoro ya soko ni njia za ndani: nyembamba, na wabeba mizigo hawana breki. Mtoto mdogo mbebe mgongoni. Nenda asubuhi, kabla wauza chakula hatujamaliza mzigo mzuri, na uwe na chenji. Noti ya elfu kumi kwa fungu la mchicha inamsumbua kila mtu.